Manukato Baada ya Eda

Fadhila alipomaliza eda alirudi dukani kwake Buzuruga, akafungua makufuli na kupangusa vumbi kwenye chupa za mafuta ya manukato. Muda wote ule alikaa ndani akimwombolezea mumewe, Msafiri, bila kujipaka hata tone la manukato, kama dini inavyomtaka mjane. Majirani walidhani akirudi kwenye mafuta yake atachangamka. Alifungua chupa ya waridi, akanusa. Ni waridi. Akafungua ya udi. Ni udi. Basi, hakuna zaidi.

Wiki hiyohiyo akaja Dorcas, meneja wa hoteli mpya ya ufukweni kule Nyegezi.

"Pole sana na msiba, dada Fadhila."

"Ahsante, nimeshapoa," alijibu, kama alivyowajibu wote.

Dorcas alitaka hoteli iwe na harufu yake yenyewe. "Mgeni akiingia mapokezi aikute. Siku akiisikia kwingine, atukumbuke sisi kabla hata ya kukumbuka jina letu."

Fadhila alidondoshea mafuta kwenye vipande vya karatasi, akampa anuse kimoja kimoja. Asumini ni ya maharusi, alimweleza. Wageni watadhani kuna sherehe. Udi ni mzito, utamchosha mtu aliyetoka safari. "Wewe chukua mchaichai na ndimu, ni nyepesi. Chini yake tutie msandali kidogo, isipotee upesi." Mdomo ulijisemea wenyewe. Kazi ile aliifanya miaka mingi, haikumhitaji yeye awepo.

"Wewe mwenyewe umeipenda?" Dorcas aliuliza.

Fadhila alifikiri. "Inafaa," alisema.

Siku hoteli ilipofunguliwa, alialikwa. Pale mapokezi wageni walivuta pumzi, wakatabasamu. Mmoja akauliza inauzwa wapi. Dorcas alimkumbatia Fadhila kwa furaha. Fadhila alijua kwamba zamani angefurahi, na Msafiri angemtania njia nzima hadi nyumbani. Aliyajua hayo kama mtu anavyoijua njia ya sokoni. Hakulia. Hajalia tangu mazishi.

Alipokuwa akiaga, mlango wa jikoni ulifunguliwa, ikatoka harufu ya sato anayekaangwa. Tumbo lake likanguruma hadi Dorcas akalisikia.

"Umekula leo, dada?"

"Sikumbuki."

Dorcas alimvutia kiti. Sahani ilipoletwa, Fadhila alinawa, akamega ugali, akamla yule samaki pande zote mbili, akaomba ugali mwingine.

"Msafiri alikuwa hapendi sato," alisema bila kuulizwa, huku akichambua miba. "Yeye na dagaa wake."

Akaendelea kula.