Dirisha la Magharibi

Mwanamke mmoja, msanifu majengo, alizaliwa na ubishi wake. Kila makumbusho aliyochora, aligombana na watunzaji waliomwonya kuwa jua hula rangi.

"Jengo bila jua ni kaburi!" aliwafokea, nao wakanywea.

Katika jengo lake la mwisho aliweka dirisha pana upande wa magharibi, na ukutani mkabala nalo kikatundikwa kitambaa chekundu alichokidarizi mama yake kwa miaka miwili. Alirudi huko baada ya miaka sita, akampeleka mama akakione. Mtunzaji aliwapokea akiwa ameinamisha macho. Jua la alasiri lilikuwa limekilamba kitambaa kile hadi kikawa rangi ya majivu.

Mama alikisogelea, akatikisa kichwa.

"Maskini, hiki kimechakaa," alimwambia bintiye. "Changu mmekiweka wapi?"