Kidaka cha Maua

Tajiri mmoja wa Midrand alinipa picha ya mnara wa kanisa wa Teruel, mji wa Uhispania, nimjengee kama ule. Ni mnara wa matofali na vigae vya kijani, uliojengwa zamani na mafundi Waislamu waliobaki chini ya utawala wa Wakristo. Siku aliyonikuta naswali saitini, aliukanyaga mswala wangu kwa viatu, akasema kwake haswali mtu.

Nilikunja mswala. Ndani ya mnara nikamjengea kidaka, kishimo cha ukutani, karibu na sakafu, ukuta wa upande wa kibla, nikamwambia ni cha maua.

Juzi nilirudi kurekebisha lipu. Nilimkuta amepiga magoti anamwagilia maua, kichwa karibu kiguse sakafu.

“Mungu akutakabalie swala yako,” nikamwambia kwa Kiswahili, lugha asiyoijua.

Akanishukuru.