Bahari Aliyoitaka Mama

Safari hii ilitokana na simu moja. Mama alikuwa kwake Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, akiongea na kaka yangu Rajabu anayeishi Kampala. Akamwambia, "Rajabu, mimi nazeeka. Peleka mimi bahar, pale Baba alipanda stima, nisome Fatiha yake kabla sijakufa." Baba yake, yaani babu yetu, alikuwa askari. Aliondoka Mama akiwa mtoto mdogo, hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Sisi wajukuu tulishajiambia zamani kwamba alipelekwa vita vya ng'ambo. Kwa hiyo Rajabu hakuuliza bahari gani. Rajabu si mtu wa kuuliza.

Jioni ile ile akafungua grupu ya WhatsApp akaanza kutuma picha za yoti, zile boti nyeupe za kitajiri zenye vyumba vya kulala, jiko na nahodha wake. Tutaikodi, akasema, tuzunguke visiwa vya kusini mwa pwani ya Kenya, Mama asome dua, sisi tupumzike. Nikamwuliza mwanamke aliyevuka miaka themanini atapandaje ile ngazi ya chuma. Akanijibu kwa picha ya kidole gumba! Halafu wakala wa boti akanipigia niko dukani kwangu Arua, nampimia mteja kitenge, akataka kujua Mama anapendelea mvinyo mweupe au mwekundu. Mvinyo! Kwa Hajati! "Andika chai," nikamwambia, nikakata simu.

Koboko, asubuhi ya kuondoka, nilimkuta Mama amekaa mlangoni amevaa gurubaba yake mpya, ile nguo ya Kinubi ya kujifunga, na tasbihi mkononi. Furaha aliyokuwa nayo ilinifanya nimsamehe Rajabu kwa muda. Tukapanda basi Arua. Tulipokuwa tunavuka daraja la Pakwach, juu ya Mto Nile, Mama akagonga kioo.

"Bahar! Tunashuka hapa?"

"Bado, Mama. Iko mbele."

Alinitazama, akageuka tena dirishani. Nilidhani ni usingizi wa safari unamsemesha.

Entebbe Rajabu alitupokea kwa kofia ya majani na miwani myeusi, tukaruka naye hadi Mombasa, kisha gari likatushusha Shimoni, boti zinapoegeshwa. Sitawanyima haki yao: pwani ile inapendeza, maji ya kijani, na kisiwa cha Wasini kiko mbele pale kama unaweza kukigusa. Lakini Mama alipomwambia Nahodha Saidi, "Boti yako iko mzuri," vijana wake wakaangua kicheko, naye akamsahihisha kama mwanafunzi: "Bi mkubwa, boti ni nzuri."

Damu ilinipanda. Nikamwambia Kiswahili chetu kimetembea na askari kwa miguu mpaka West Nile, chake hakijatoka hapo ufukweni, na mama yangu hakuja kufanya mtihani. Rajabu akanivuta mkono. "Zaitun, usituaibishe." Eti mimi ndiye wa kuaibisha!

Katikati ya maji, nyuma ya kisiwa, Rajabu akasimamisha boti. Alishapanga kila kitu: Mama aketi upande huu, jua limpige hivi, yeye arekodi. Mama hakumjali. Akaomba maji ya udhu, akateremshiwa ndoo baharini. Akanawa mikono, akasukutua. Papo hapo akatema.

"Hii iko na chumvi!"

"Ndiyo, Mama," Rajabu akasema, simu ingali juu. "Ni bahari."

"Hii siyo bahar. Baba alichota bahar na mkono, akanipa nikunywe, ndiyo akapanda stima. Ilikuwa tamu."

Tukatazamana. Nahodha Saidi, yule yule aliyemsahihisha, akachuchumaa mbele yake. "Bi mkubwa, baba yako alipandia wapi?"

"Rhino Camp. Si hawa wanajua?"

Hatukujua! Rhino Camp ni kituo cha zamani cha stima, kando ya Nile. Kwa Kinubi chetu bahar ni maji makubwa yoyote, uwe mto, liwe ziwa. Nimekizungumza Kinubi tangu utotoni, nikaacha tufanye safari yote hii kutafuta Mto Nile ambao gari linaufikia kutoka Arua kabla chai haijapoa kwenye chupa. Nikataka kulia, nikataka kumtupa mtu majini, na mtu wa kwanza alikuwa kaka yangu, kwa sababu bado alikuwa anarekodi.

"Basi soma tu, Mama," akasema. "Maji yote ni ya Mungu. Na boti tumeshaikodi."

Mama akamgeukia. "Ni baba yako wewe alipotelea hapa?"

Rajabu akashusha simu. Nahodha akageuza boti bila kuamriwa na mtu.

Kurudi, Rajabu alibaki Kampala, ana kazi nyingi, ndivyo alivyosema. Mimi sikufungua hata duka. Nilikodi gari Arua, tukateremka hadi Rhino Camp kwa barabara ya vumbi. Njiani nilikuwa nawaka bado: tulibishana juu ya vyumba, chakula na rangi ya mvinyo, watu wazima na akili zetu, na hakuna aliyemwuliza mwenye safari anakwenda wapi. Hilo ndilo nililorudi nalo, na nawapa bure ninyi mlio na wazazi.

Mtoni Mama alikataa nimshike. Akaingia hadi vifundoni, akachota maji kwa kiganja, akayanywa. Kisha akainua mikono, na kabla ya kuanza Fatiha akasema kwa sauti, kama mtu anayejieleza kwa mwenyeji aliyengoja sana:

"Baba, samahani. Nimechelewa. Hawa watoto walinizungusha."