Theluji ya Unga na Nikaha ya Dada

Baba yangu analipwa mshahara kutazama mawingu. Mie nikiyatazama darasani napigwa rula, yeye amepewa ofisi Nizwa na feni ndani yake. Anapima joto, upepo na mvua, anaongea kwa redio na mwenzake aliyeko juu ya Jabali Akhdhar, halafu anaandika kesho itakuwaje. Na kesho ya kwetu haina siri. Ukimwuliza atakwambia jua. Keshokutwa jua. Bibi yangu husema hata kuku wake anaweza kazi hiyo, tena kwa mtama tu.

Ndiyo maana msimu wa baridi uliopita, walipokuja wale wahandisi wawili wa Kizungu kutoka Firq, baba alibadilika. Walikuwa wajenzi wa barabara, wana kibali cha kupanda jabali, na walikuwa na skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Walizileta kutoka kwao mpaka Omani, sijui nani aliwadanganya. Mmoja mrefu, mmoja ana ndevu. Kila wiki wanakuja kuuliza theluji lini, na mie nafasiri, maana Kiingereza cha baba kinatosha tarakimu na kuomba likizo.

"Wanataka iwe nyingi, laini kama unga," nikamwambia baba.

"Unga gani? Wa ngano au sembe?"

Nikauliza. Wakatazamana. Yule mrefu akasema wa ngano.

"Waambie nitatafuta," baba akasema, kama mwenye duka.

Hakuna aliyewahi kumngoja baba kwa utabiri wake. Sasa watu wazima wawili wanamngoja, na wakija wanavua viatu mlangoni. Akaanza kukaa na redio hata saa za chakula. Alikuwa hajaiona theluji maisha yake yote. Mvua alijifunza kuipima bara, kwenye shamba la mkonge, kabla hatujarudi huku. Mwisho akatangaza: Jumatano, theluji juu ya jabali, na nyingi.

Mamangu akaweka sahani chini. "Alkhamisi unaoza binti."

Hiyo haikuwa habari mpya kwa yeyote. Dada yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Sur, na Jumamosi kijana huyo anasafiri kwenda kusoma nje, mwaka mzima. Nikaha isipofungwa Alkhamisi, ni mpaka mwakani. Na nikaha haifungwi bila ya walii, mwenye haki ya kumwoza binti, na walii ni baba. Watu wa Sur walishakodi basi.

"Nitakuwa nimerudi kabla ya magharibi," baba akasema. "Siendi Sini kwa Wachina."

"Ungekwenda Sini ningejua utarudi kwa ndege."

Tukaondoka Jumatano alfajiri, wale wawili mbele, baba na mie nyuma, skii katikati yetu zikinigonga sikio kila tuta. Kutoka Birkat al Mauz njia inapita ndani ya wadi kwanza, bonde la mawe makavu, halafu inapanda jabali kama ngazi ya minara. Juu kulikuwa na baridi ya kukata meno. Na theluji ikaanguka. Wallahi ilianguka. Baba alishuka akasimama na mikono wazi kama anayepokea mkate, na mie, nilokuwa nimeandaa mzaha tangu Birkat, nikausahau.

Ilifika kwenye vifundo vya miguu, basi. Chini yake mawe. Yule mwenye ndevu akavaa skii zake, akateleza kiasi cha kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa jirani, akakumbatia mti. Mrefu alifika mbali kidogo, lakini ubao mmoja ukachanika. Walicheka mpaka wakakaa chini. Baba akaniuliza taratibu, "Waulize, ni ya unga?" Nikauliza. Walisema ndiyo. Nadhani walimhurumia.

Halafu ukungu ukatufunika, hata mbele ya gari hatuoni. Tukalala ndani ya gari, wanne na skii, tukinuka soksi. Kulipokucha Alkhamisi tukateremka polepole, na kila tulivyoshuka theluji iligeuka mvua, na mvua ile haikuwa ya kuchezea. Tulipofika chini, njia haikuwapo. Wadi imejaa ukingo kwa ukingo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanaviringisha mawe ukayasikia yakigongana humo ndani. Nyuma yetu kipande cha barabara kilikuwa kimeporomoka. Mbele maji, nyuma shimo.

Baba akashuka garini, akasogea ukingoni.

"Niliangalia juu tu," akasema. "Kule bara mvua ikinyesha, ardhi inakunywa. Hapa ni jiwe tupu. Maji yote yanashuka."

Nikaenda kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, gari lisiteleze.

Habari hufika haraka Birkat. Kabla ya adhuhuri ng'ambo ya pili palikuwa na magari, na kutoka ndani wakashuka ami yangu aliye ndugu wa baba, bwana harusi na bisht, joho lake jipya, mabegani, wazee wa Sur, na sheikh aliyeshika kipaza sauti cha betri. Palikuwa karibu sana, hata nilimwona bwana harusi anajikuna. Lakini ukipiga kelele, maji yanazimeza.

Sheikh akasema kwa kipaza: baba anaweza kumfanya ami wakili wake, amwozeshe binti badala yake. Ila lazima aseme mwenyewe, na mashahidi wamsikie.

Baba akapaza sauti. Sheikh akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Baba akarudia. Nikapanda juu ya gari nikapiga yale mayowe yanayonifukuzisha darasani.

"Kijana nyamaza," kipaza kikasema. "Si wewe unayemwoza dada yako."

Baba akajaribu kuashiria kwa kichwa na kwa mikono. Sheikh akakataa. Ishara ni za bubu, na baba si bubu. Ami akatazama saa. Wazee wa Sur wakaanza kusemezana, na mmoja akafungua mlango wa gari akaketi.

Baba akakoma kupiga kelele. Akachomeka kijiti ukingoni, akakaa akikitazama. Akatazama jabali, mawingu yamefunguka, jua limetoka juu ya ile theluji yake.

"Haya ni maji ya mvua," akaniambia. "Yatapungua, karibu na alasiri. Kisha yatakuja ya theluji, jua likishaiyeyusha. Katikati pana nafasi."

Akainua viganja vyote viwili kwa walio ng'ambo: ngojeni. Wakangoja. Sijui kwa nini walimwamini.

Na maji yakapungua. Kwanza kijiti kikabaki pakavu, kisha kelele zikashuka, hata tukasikia mbuzi upande wa pili. Mrefu akawasha gari. Aliniambia yanapitika sasa, nimwambie mzee aingie.

Nikamwambia. Baba alikuwa amevaa kanzu ya jana yenye matope. Ng'ambo paliponyamaza, palionekana karibu kama ukumbini.

"Hapana," akasema. "Mwambie azime."

"Baba, utaikosa harusi."

"Nitaikosa. Azime."

Akasogea mpaka maji yakamgusa miguu, akasema, kwa sauti ya kawaida tu ya kumwita mtu chakulani, kwamba anamfanya ndugu yake wakili wake, amwozeshe binti yake kwa kijana huyu. Sheikh akawageukia mashahidi. Wote wawili wakainua mikono. Ami akaweka kiganja kifuani, akatuinamia, nao wakaingia magarini, maana nyumbani wanangojwa.

Sauti ya magari yao ilikuwa haijaisha, wadi ikaguruma. Maji yakaja kwa ukuta mmoja, yakapita pale pale gari lingekuwapo, yakakichukua na kile kijiti. Ng'ambo hapakuwa na mtu wa kuona.

Tukakaa juu ya mawe. Yule mwenye ndevu akaniuliza kwa adabu, kama mzee anaonaje, wiki ijayo theluji ipo?

Nikafasiri. Baba alikuwa akiitazama njia ya Nizwa.

"Mwambie leo nimeoza binti," akasema. "Habari za theluji amwulize mwengine."