Tulibadilisha sura ya nyumba ya Mzee, akakataa kuwa ni yake

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Humu mimi huwa msomaji tu. Leo niko na yangu, na kila kitu nitasema nilikiona kwa macho yangu. Sina haja ya kuongeza chumvi, yenyewe inatosha.

Nimeona wengi mnauliza jinsi ya ku-renovate nyumba za wazazi kule ocha, kijijini. Kabla hujaita fundi, soma hii kwanza.

Ni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha nguo pale EPZ, Athi River. Dada yangu Ndunge alikuwa ameolewa huko huko Athi River. Mzee na Mwaitu, yaani mama yetu, walikuwa nyumbani, nje kidogo ya Machakos town, upande wa barabara ya Mwala.

Nyumba Mzee aliijenga tukiwa wadogo. Mnajua zile nyumba za zamani. Plasta ya kukwaruza, chini imepakwa rangi nyekundu ya kuficha matope, madirisha madogo ya chuma rangi ya kijani, na veranda ya nguzo za mbao. Mabati yalikuwa yameshika kutu.

Wakati huo Mzee alikuwa kwa Ndunge anatibiwa macho. Matibabu yalichukua muda, mara arudi kliniki, mara asubiri.

Mimi na Ndunge tukasema, hii ndiyo chance. Akirudi anaona vizuri, akute nyumba mpya. Surprise.

Mwaitu alikubali. Alichosema tu ni, "Mngemuuliza." Tukamwambia akiulizwa haitakuwa surprise tena.

Nikamleta Muthama, fundi mmoja wa Kangundo mwenye mkono mzuri sana. Veranda ikang'olewa, mahali pake tukaweka porch ya arch na pillars mbili za mviringo. Madirisha makubwa. Mlango wa mbele ulikuwa pembeni, tukauleta katikati. Chini ya ukuta tukabandika mawe ya mazeras, sehemu ya juu rangi nyeupe. Mabati mapya ya rangi ya maroon. Hata ua wa miiba ya kayaba uliokuwa mbele tuliutoa, tukaweka gate.

Nyuma hatukugusa. Mvua ilianza, na Muthama na watu wake wakaenda kwao kupanda. Tukasema nyuma itangoja.

Wakuu, ile nyumba ilitoka safi. Watu wa kwenda sokoni walikuwa wanasimama barabarani kuiangalia.

Sasa hapa nisimame kidogo. Mzee alikuwa ameanza kusahau sahau. Aliwahi kuniita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Kwa Ndunge, kila jioni alikuwa anauliza, "Tunarudi nyumbani saa ngapi?" Sisi tulisema ni uzee tu. Wakati ule hakuna mtu kwetu alijua kuna ugonjwa wa namna hiyo.

Siku ya kumleta ikafika. Mwaitu alikuwa amesimama kwenye porch na majirani, chai iko tayari.

Gari ikaingia. Mzee hakushuka. Akaniuliza, "Mbona tumesimama hapa?"

"Tumefika, Mzee."

"Hapa ni kwa nani?"

Tukacheka. Tulifikiri anatutania, kwa sababu utani alikuwa nao.

Akashuka. Akavua kofia. Akasalimia kila mtu kwa mkono, pole pole, vile mgeni husalimia. Akakaa kwenye kiti cha nje, akanywa chai, akamaliza kikombe. Halafu akasema:

"Asanteni. Mmenikaribisha vizuri. Sasa nipelekeni kwangu."



Mwaitu akasogea karibu. "Baba Mutua," akamwita kwa jina langu kama kawaida, "hapa ndio kwako."

Mzee akamwangalia. Yeye alimtambua vizuri kabisa. Akamuuliza, "Na wewe Mama Mutua, unafanya nini kwa watu?"

Nilimwonyesha mlima ulio mbele yetu, nikamwonyesha shamba. Mlima aliujua. Shamba alilijua. Akaniambia, "Ndio, shamba ni langu. Sasa nyumba yangu mliipeleka wapi?"

Mtu anakuuliza hivyo akiwa ameketi mlangoni kwake.

Tukaingia ndani na Ndunge kushauriana tufanye nini. Mwaitu alikuwa amekaa naye, akaja jikoni kumchukulia chakula. Kurudi, kiti kiko empty na gate iko wazi.

Tulitafuta mpaka tukakosa sauti. Tukaenda kwa chief, kanisani, mtoni kwenye sand dam, lile bwawa la mchanga.

Asubuhi, tukiwa bado tunajipanga kwenda kutafuta, pick-up ya mbuzi ikaingia kwa njia ya nyuma, ile ya ng'ombe. Ilikuwa ya Abdi, Msomali mfanyabiashara wa mifugo ambaye alinunua mbuzi kwa Mzee miaka mingi. Yeye kila mara hupitia nyuma, kwa sababu boma la mbuzi liko huko.

Mzee alikuwa ameketi mbele, karibu na dereva.

Abdi alituambia alimkuta barabarani akielekea Mwala, viatu mkononi. Akamuuliza anaenda wapi. Mzee akamjibu, "Natafuta nyumba yangu. Imeondolewa." Abdi akamlaza kwake, akamlisha, asubuhi akamleta.

Na hapo ndipo jambo lingine lilitushtua.

Mzee alishuka, akaangalia jikoni na ukuta wake mweusi wa moshi, akaangalia tanki la maji na ile plasta ya zamani. Akasema, "Sasa hii ndiyo nyumba." Akaingia kwa mlango wa jikoni, akaenda moja kwa moja mpaka chumba chake, akalala.

Baadaye daktari alitueleza ni ugonjwa wa ubongo, hautaisha, na tusibishane naye. Kurudisha mbele kama zamani haikuwezekana. Nguzo za veranda zilikuwa zimeshakuwa kuni za kupikia githeri.

Kwa hivyo Mzee akaishi nyuma. Mwaitu akaweka pazia kwenye corridor, na Mzee hakuwahi kulivuka. Wageni wakija anawaambia ile ya mbele ni ya jirani fulani asiye na adabu, amemzibia upepo.

Watu walicheka. Hata mimi nilizoea kucheka.

Mpaka weekend moja nikiwa sitting room, nikasikia hodi mlango wa mbele. Nikafungua. Ni Mzee, kofia mkononi. Alikuwa amezunguka nyumba yote.

"Habari ya hapa, kijana."

"Nzuri, Mzee. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kama jirani. Nyumba yako ni nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini umejenga mbele ya yangu, na hukuniuliza."

Nikamwambia pole.

"Niko na kijana wangu, Mutua. Anafanya kazi Athi River. Yeye anajua kuongea na watu. Akikuja nitamtuma kwako, muelewane."

Nikamwambia sawa, nitamngoja.

Akanipa mkono, akavaa kofia, akarudi kwake.

Wakuu, mzazi akianza kusahau, daktari kwanza, fundi baadaye. Na hata kama yuko timamu, muulize. Mwachie hata mlango mmoja anaoujua.

Walio na mzazi wa aina hii, mlifanya aje? Andikeni hapo chini, nitasoma zote.