Siku tata alipopaka lami sanduku langu la chuma, Kabuta

Wakuu wa humu, salamu kwenu nyote, wa ziwani na wa bara.

Mujukuu wangu amenionyesha jinsi mutu anavyoandika hapa. Nimesoma nyuzi zenu za training za kazi mpaka simu ikazimika. Sasa ni zamu yangu. Haya niliyaona mwenyewe, na kama kuna mutu wa pwani ya ziwa Mweru atakayeona nimeongeza chumvi, anikatize hapohapo.

Ni miaka ya hamsini. Wazungu bado wanatawala huku kwetu na ng'ambo ku Kongo. Mimi kijana, shule yangu ya kusoma na kujumlisha basi, lakini kila boti iliyopita ziwani mimi nilishapanda kwa mawazo.

Tata, ndiye baba yangu, alikuwa anajenga mitumbwi ya mbao pale kijijini Kabuta, upande wa Nchelenge. Mbao, misumari, kisha pamba na lami kwenye kila ufa. Nilikuwa musaidizi wake. Jioni nashona nyavu.

Basi boti ya chuma ya muzungu mumoja, mununuzi wa samaki, ikapanda jiwe. Tumbo likapasuka. Wakaivuta mpaka muchangani kwetu, na fundi akaja kutoka Likasi, ng'ambo, kuitengeneza. Jina lake Silivesta. Alikuja na pipa, chupa ndefu ya chuma na mipira miwili kama nyoka.

Nyumbani tunaongea Kibemba, Kiswahili ni cha kuuza samaki. Tata akakusanya Kiswahili chake chote, akamuuliza:

"Ba Fundi, chuma na chuma, pamba hakuna, musumari hakuna. Vitashikana na nini?"

"Na vyenyewe, muzee."

Watu wakacheka. Mujomba wangu akasema huyu amelewa tangu Likasi.

Niwaeleze kidogo, ninyi wa mashine za umeme. Wakati ule moto ulitoka ku mawe. Unatia mawe ya karabai ndani ya pipa, yanakutana na maji, yanatoa gesi inayonuka kama kitunguu saumu. Gesi inapita mpira mumoja, hewa ya chupa inapita mpira mwingine, zinakutana kwenye bomba la mukononi. Unawasha. Mwali unakuwa mwembamba, wa buluu, na unapiga mluzi.

Fundi akanipa miwani nyeusi. "Usiangalie na macho matupu, petit." Petit, yaani mudogo, ndivyo alivyoniita.

Wakuu, sijui niiandikeje hii.

Dunia yote ikawa usiku, nikabaki na nukta moja tu. Chuma kikawa chekundu, kikawa cheupe, halafu kikalegea. Kikawa maji. Pale mbele yangu kulikuwa na ziwa dogo, dogo kuliko kucha, linang'aa na linatetemeka, na Fundi analitembeza polepole juu ya ufa. Kila lilipopita, ufa haukuwepo tena.

Nilivua miwani, machozi yananitoka. Fundi akadhani nimeungua.

Siku ile nilimwomba anifundishe. Akachukua wavu niliokuwa nashona, akaangalia matundu yake moja moja. Yalikuwa sawasawa.

"Mukono huu hauna haraka," akasema. "Kesho uje."

Training yenyewe ilichekesha watu. Siku nyingi nilishika bomba bila moto, nachora viduara juu ya ubao. Wasichana wanapita na ndoo wananiuliza, "Shemeji, supu imeiva?" Mimi nachora tu. Fundi alisema nisahau moto, nishike bomba kama sindano ya nyavu: ingia, zunguka, toka, nafasi ileile. Alipokuja kuniwashia moto kweli, mukono ulishajua njia.

Boti ikakaribia kuisha. Fundi akasema yule muzungu anakubali musaidizi mumoja aende naye ng'ambo, ajifunze kazi mpaka aitwe fundi. Nikakubali palepale.

Tata ndiye aliyebaki kutoa ruhusa. Alinisikiliza huku anachonga, hakuinua kichwa.

"Tengeneza chombo cha chuma, peke yako. Kisipovuja, nenda. Kikivuja, unarudi ku mbao, na habari ya chuma imekwisha."

Nikachomelea sanduku la kubebea maji kwa mabaki ya mabati ya boti. Lilikuwa limepinda kama ng'ombe aliyechoka, lakini lilikuwa langu. Fundi akasema tutalipima asubuhi kwa mafuta ya taa, maana mafuta yanapenya hata pale maji yanaposhindwa. Nje unapaka udongo mweupe, ule wa kupakia nyumba. Ndani unatia mafuta. Kama kuna tundu, doa jeusi litajionyesha.

Asubuhi, Kabuta nzima iko muchangani. Fundi akainama kutazama ndani. Akapitisha kidole, kikatoka cheusi.

Lami. Kona zote, imepakwa vizuri kabisa, laini kama ya mutumbwi.

"Nani alikufundisha kuficha kazi?" akaniuliza.

Watu wakaanza kunong'ona. Mimi naona ng'ambo yote inazama.

Halafu tata akasogea mbele, ameshika kofia mukononi.

"Njo miye, ni mimi niliyepaka, ba Fundi. Huyu hajui kitu."

Hapa niwaambie desturi yetu. Mutoto akitengeneza chombo chake cha kwanza, baba ndiye anayeziba ufa wa mwisho kabla hakijaguswa na maji. Hakuna chombo kinachoingia Mweru bila lami ya baba. Tata alikuwa ameamka kabla ya jogoo, akafanya hivyo.

Fundi akamuuliza, "Lakini muzee, si ulisema kikivuja anarudi kwako?"

"Nilisema. Halafu nikalala, nikaona sitaki kivuje."

Fundi hakugomba. Tukakwangua lami, tukasugua kwa muchanga mpaka chuma kikabaki uchi. Tukapaka udongo, tukatia mafuta, tukakaa. Jua lilipofika katikati, doa likatokea kwenye kona. Dogo kama mbegu ya uwele.

Kilivuja, wakuu.

Tata aliinama, akaligusa lile doa kwa kidole. Nilikuwa nimeshaweka miwani chini.

"Osheni kwa majivu, mukaushe," Fundi akasema. Kisha akachukua ile miwani akamvalisha tata, nami akanipa yake. "Petit, chomelea tena. Muzee aone."

Nikashika bomba kama sindano ya nyavu. Ingia, zunguka, toka. Ziwa dogo likatokea, likatembea, likafunga.

Nikazima. Tata hakuvua miwani. Alikaa vile, giza tupu machoni, ameelekeza uso pale moto ulipokuwa.

"Hapa hapakuzibwa," akasema kwa Kibemba, taratibu. "Pamekuwa kitu kimoja." Kisha, kama mutoto: "Washa tena."

Tukapima upya. Udongo ulibaki mweupe mpaka jua likashuka. Mujomba akamkumbusha tata kwamba sanduku lilivuja kwanza.

"Nililiona likivuja," tata akamjibu. "Nililiona likipona pia. Muache mutoto aende."

Nilivuka na ile boti. Nimekula mukate wa kuchomelea maisha yangu yote.

Nilichojifunza ni hiki. Mutu anayekupenda atakusaidia kwa kazi anayoijua yeye, na mara nyingine atakuharibia mbele za watu. Usimuonee haya. Mupe miwani, aone unachokiona.

Sasa ninyi: ni nani nyumbani kwenu alishangaa siku alipoona kazi yako kwa mara ya kwanza, na alisema neno gani? Mujukuu yuko hapa, atanisomea kila moja.