Neno la Siri la Dada Yangu

Kazi yangu ni kutafuta pa kupenya. Ofisi huniita nizijaribu kompyuta zao kabla mwizi hajazijaribu, kisha niwaambie walipozembea, nami huwaambia bila kuwapaka mafuta, maana mimi ni mtu wa hasira tangu utotoni. Watu hudhani kazi hii nilijifunza chuo kikuu. Wapi! Nilijifunza Lindi mjini, kwenye kafe ya intaneti ya mjomba wangu, na aliyenifundisha ni mume wa dada. Wala sikumwomba.

Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu ruksa kuuza chochote. Lile duka la ushirika ambalo zamani tulipanga foleni ya sabuni lilikuwa sasa la mjomba, naye akaleta kompyuta za mtumba akazipanga pale palipokuwa na magunia ya sukari. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja kuitwa chuo. Akaniweka niwafungulie watu barua pepe, wawaandikie ndugu zao walioko Dar es Salaam, Muskati na Msumbiji. Kila mteja alitakiwa awe na neno la siri, na mjomba alikuwa na maelezo yake, anayatoa kwa sauti kama mnadi: "Chagua neno ambalo hulisemi mbele za watu. Usiniambie mimi, wala usimwambie mkeo!"

Sasa wasikie watu wa kwetu. Sisi asili yetu kijiji cha Kilangala. Mtoto wetu akitoka jandoni au unyagoni hupewa jina jipya, na lile la utotoni linazikwa. Kumwita mtu mzima kwa jina lile ni tusi kubwa, watu wameshikana mashati kwa hilo, wengine hawasalimiani mpaka leo. Lakini hakuna anayelisahau. Ulicheza na mtu mavumbini ukimwita hivyo kila siku, utalisahau vipi?

Siku moja akaja mzee mkulima wa korosho, barua yake imegoma kufunguka. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamwuliza neno lake la siri. Akatazama huku na huku. Mwisho akaliandika kwa kidole kwenye vumbi la meza, akanionyesha, kisha akalifuta haraka kwa kiganja, uso umemshuka kwa aibu. Lilikuwa jina lake la utotoni. Nikaanza kuwachunguza wateja wengine wakiandika, nikaona ni vilevile, karibu wote walikuwa wamechagua majina yao ya utotoni. Nikamwambia mjomba, "Mbona haya yanajulikana kijiji kizima?" Akacheka sana. "Yanajulikana, ndiyo. Nani atathubutu kuyatumia?" Niliona ana hoja, na nilicheka naye.

Dada yangu alikuwa muuguzi. Aliolewa na kijana wa kwetu kulekule Kilangala, mtu aliyekua naye, ambaye wanunuzi binafsi waliporuhusiwa alikuwa wa kwanza kuweka mizani ya korosho. Mtu mpole! Hapandishi sauti, hakosi sala, ukimsalimia anasimama. Hajawahi kumpiga dada hata kibao. Yeye alikuwa anafunga. Alianza na cheti cha uuguzi, akakifungia kwenye sanduku la chuma ati kisiliwe na mchwa. Likafuata geti, akisafiri anaondoka na ufunguo. Halafu siku moja dada alifika hospitali akaambiwa si mfanyakazi tena, mumewe alikuja juzi kuaga kwa niaba yake. Wallahi nilitaka kwenda kumchana uso. Mama akanishika mkono: "Siri ya mtungi aijuaye kata. Iache ndoa ya watu."

Dada hakulia. Alianza kuja kafe kila alipotumwa sokoni, kikapu mkononi, anaketi mashine ya mwisho, anaandika upesi. Mwenzake waliyesoma naye uuguzi alikuwa Mwanza, kwenye hospitali ya misheni, na alimwombea nafasi. Watampokea, nakala ya cheti itaombwa chuoni. Kilichobaki ni kutoka. Tulipanga iwe siku shemeji akiwa Kilangala kwenye mizani. Aliyejua ni mimi, dada, na huyo wa Mwanza. Hata mama hatukumwambia.

Naye shemeji alikuwa anakuja kafe. Nilidhani anafuata bei za korosho. Ananiletea machungwa, ananiuliza habari za chuo, anaketi mashine ileile ya mwisho. Mara moja akanigeukia akaniuliza kwa upole wake ule, "Hivi shemeji, barua ya bahasha mtu akiifungua, inaonekana imechanwa. Hii ya humu je?"

Nikajibu kwa maringo, mtoto niliyejua kila kitu, "Hii haionekani."

"Haibaki alama yoyote?"

"Haibaki."

Akasema alhamdulillah, dunia imeendelea kweli. Akamenya chungwa akanipa kipande. Swali lile halikunipendeza, lakini ningemshitaki kwa lipi, kwa kuuliza?

Siku ikafika. Shemeji alikuwa ameondoka tangu jana yake, na safari hii geti aliliacha wazi. Hilo ndilo lilipaswa kututisha. Dada alisema amesahau, Mungu amefungua njia, nami nikaitikia amina. Stendi kulikuwa na watu wengi, basi limejaa, kondakta anagonga bati kuhimiza watu. Dada alipata kiti cha dirishani karibu na bibi mmoja aliyekuwa akirudi kwao Kipatimu. Mimi nilisimama chini nimeshika dirisha, tunacheka bure.

Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu akimwita dada kwa jina lake la utotoni.

Hakuliita kwa kelele. Alilisema taratibu, herufi zimekaa sawasawa, kama mtu anayeandika. Sitaliandika hapa. Kusini kote watu hulitambua jina la utotoni wakilisikia. Yule bibi akawaka, "Astaghfirullah! Mwanamume mzima, huna haya? Unamtukana mwenzio mbele za watu!" Abiria wakadakia, kondakta akataka kumsukuma. Wote wale walisikia tusi. Mimi na dada tulisikia kwamba amesoma kila kitu tangu mwanzo.

Shemeji aliwaomba radhi, mkono kifuani. Kisha akamwambia dada, "Yule mwenzako wa Mwanza nimeshamwandikia. Nimemwambia umeghairi, nafasi ampe mwingine. Amejibu vizuri tu, anakutakia ndoa njema. Shuka, tukale."

Niliporomosha matusi ambayo mama alisimuliwa na watu watatu kabla sijafika nyumbani. Nilimwambia dada asishuke, aende hata Dar es Salaam, aende popote. "Niende kwa nani?" akasema. Akashuka na kikapu chake, akatembea nyuma ya mumewe, na basi likaondoka.

Niliitwa chuo mwaka uleule, nikaenda na hasira yangu. Nimesoma vitabu vingi juu ya mashine na watu. Vinaeleza siri kuwa ni jambo ambalo wengine hawalijui, na juu ya msingi huo vimejenga kufuli za kila aina. Kwetu siri ni jambo ambalo halisemwi, hata kama linajulikana na wote. Nimelieleza hilo katika mikutano, watu wakaandika, wakanipigia makofi.

Nimekwenda Lindi mara nyingi kumchukua. Kila mara ananipikia, ananisindikiza mpaka getini, na hapo anasimama. Sasa ana simu nzuri, mumewe kamnunulia na kamfungulia yeye mwenyewe. Nikipiga, anaongea sauti ikiwa imewekwa nje, namsikia na mtu mwingine akikohoa. Kwa hiyo naandika mambo ya mvua na korosho, na maswali ya afya. Hujibu haraka, kwa mpangilio mzuri, hakosei hata nukta. Nilikuwa najifariji kwamba angalau hapo tunaongea.

Ijumaa iliyopita niliandika kama kawaida: "Shikamoo dada. Unaendeleaje?"

Jibu likaja papo hapo: "Marahaba, shemeji. Sijambo."

Likafutwa nikiwa nalitazama. Kisha likaja jingine: "Marahaba, mdogo wangu. Sijambo."